Sura ya 7: Mkono Unaoshika Kisu

Shafti ile ililetwa karakanani kwangu Muthara ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Ilikuwa chuma kipya cha kipenyo cha milimita 25, shafti ya poshomili, na mwenyewe alitaka jambo moja tu: achongewe mfereji wa kii ili puli ikae. Shafti ya unene huo huchukua kii ya upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 7. Milimita 4 huzama ndani ya shafti, zilizobaki huingia kwenye puli. Ni kazi ya saa moja. Nikaibana shafti kwenye jiliwa, nikafunga kisu cha milimita 8, nikachonga mpito wa kwanza, kisha wa pili. Nilipomaliza nikapima. Upande nilioanzia, mfereji ulikuwa na kina cha milimita 4. Upande niliomalizia ulikuwa na milimita 5 na nusu.

Sikuwa nimegusa gurudumu la kimo hata mara moja.

Nilimpigia simu mzee aliyenifundisha ufundi, fundi mstaafu ambaye mpaka leo namwita Mwalimu. Alifika kabla ya jua kuzama, akaivua kofia yake, akainama juu ya mashine.

"Mwalimu, kisu kimeshuka chenyewe."

"Hakikushuka, kijana wangu. Kilivutwa, na wewe hukukishika. Fungua nati niione hiyo koleti."

Aliingiza kidole cha mwisho ndani ya koleti, akakitoa, akanionyesha. Kidole kiling'aa mafuta. Akauliza niliikaza kwa spana ya urefu gani. Nikamwonyesha. Hakusema neno. Aliirudisha ile spana fupi mezani, nami nikajua shafti ya mtu imeharibika mikononi mwangu na sina wa kumlaumu.

Sura hii imetokana na jioni ile. Wanaoanza kujijengea karakana nyumbani huniuliza kuhusu nguvu za mota na bei ya visu vya kabaidi. Ni nadra mtu kuniuliza kitakachokishika hicho kisu. Nami sasa naamini kwamba mwenye fedha za kununua kitu kimoja kizuri na vingine vya kawaida, hicho kizuri kiwe kishikio. Kisu cha bei nafuu kikishikwa barabara kitakata. Kisu cha bei ghali kikishikwa ovyo kitavunjika, na kabla ya kuvunjika kitaharibu kazi.

Niweke wazi neno moja. Huku kwetu Tigania, ukitaja milingi wengi hufikiria mahindi. Mashine ninayoizungumzia ni ile inayozungusha kisu chenye meno huku chuma kikisogezwa chini yake: ndiyo inayochonga mifereji ya kii, inayosawazisha uso wa chuma, inayotengeneza pembe za mraba ambazo lethi haiwezi. Ya nyumbani huwa ndogo, ya kuwekwa juu ya meza, na hutumia umeme wa kawaida wa volti 240.

Kabla hujanunua koleti yoyote, zima mashine, chukua tochi, uchungulie kutoka chini ndani ya spindeli, ule mhimili unaozungusha kisu. Utaona tundu lililochongoka kuelekea juu. Mafundi huliita tepa, nayo ndiyo itakayokuamulia mambo mengi. Mashine ndogo za mezani zinazotoka China huja na tepa ya Morse namba 3 au tepa ya R8. Kubwa kidogo huweza kuja na Morse namba 4 au ISO 30. Mashine moja, aina ileile, huuzwa ikiwa na tepa hii au ile kulingana na soko, kwa hiyo picha ya tangazo isikutoshe. Pima, au muulize muuzaji mpaka akupe jibu la maandishi.

Tofauti ya tepa hizi si jina tu. Anayejua sururu atanielewa haraka. Mpini wa sururu ni mnene upande mmoja, na kichwa huingizwa kutoka upande mwembamba. Kadiri unavyochimba, ndivyo kichwa kinavyozidi kujibana kwenye mpini, na hakuna msumari unaohitajika. Tepa ya Morse hufanya kazi namna hiyo. Mmarekani Stephen Morse, aliyejulikana kwa kekee zake za mkunjo katika miaka ya 1860, aliipa mchongoko mdogo sana, karibu milimita 1 ya unene kwa kila milimita 20 za urefu. Mchongoko mdogo kiasi hicho hujing'ang'aniza wenyewe. Ndiyo sababu inafaa sana kwa kutoboa, ambako nguvu yote inasukuma kwenda juu na kuzidi kuibana.

Kwa milingi, mambo hubadilika. Kisu husukumwa ubavuni na kutikiswa maelfu ya mara kwa dakika, na tepa iliyosukumiwa tu ndani inaweza kulegea na kuanguka ikiwa inazunguka. Kwa hiyo tepa ya Morse kwenye milingi lazima ivutwe na boliti ndefu inayopita katikati ya spindeli kutoka juu. Kwa Morse namba 3 mara nyingi boliti hiyo ni M12. Usiwashe mashine kabla ya kuikaza. Shida huja wakati wa kubadilisha: unalegeza boliti mizunguko miwili, kisha unagonga kichwa chake kwa nyundo ili tepa iachie. Kila pigo hupita kwenye beringi za spindeli. Ukibadilisha kisu mara sita kwa siku, beringi zako zimepigwa nyundo mara sita.

R8 ililetwa na kampuni ya Bridgeport, ya mji wa Bridgeport huko Connecticut, ambayo mashine yake ya kwanza ya milingi ilitoka 1938. Mchongoko wake ni mkali zaidi, karibu nyuzi 17 kwa jumla, kwa hiyo haijing'ang'anizi kama Morse. Boliti ya juu huivuta, nayo ikilegezwa, pigo dogo linatosha kuiachilia. Boliti ya asili ya R8 ina nyuzi za inchi, 7/16 kwa nyuzi 20, lakini zipo zilizotengenezwa kwa M12. Hapa watu hupoteza fedha: kishikio kinafika kutoka mbali, tepa inakubali, nyuzi zinakataa. Nikiulizwa kuchagua kati ya Morse 3 na R8 kwa mashine ya nyumbani, nachagua R8 bila kusita, kwa ajili ya beringi.

Sasa tuje kwenye koleti zenyewe. Mtu akitaka kupeleka miraa Nairobi haifungi kwa kamba moja katikati na kuiacha ining'inie. Huikunja ndani ya jani la mgomba, jani likaikumbatia pande zote, ndipo akafunga. Koleti ni jani hilo. Ni mrija wa chuma cha springi uliopasuliwa sehemu nyingi. Nje umechongoka. Ukisukumwa ndani ya tundu lililochongoka, hujifinya sawasawa pande zote na kulikumbata shina la kisu. Hakuna upande unaobanwa zaidi ya mwingine, na ndiyo maana kisu hubaki katikati.

Chaki ya drili haifanyi hivyo. Ina taya tatu ngumu zinazogusa shina la kisu kwa mistari mitatu myembamba, tena shina lenyewe ni gumu na laini kama kioo. Nyingi zimekalishwa juu ya tepa fupi isiyo na boliti. Nimeona mafundi wazuri wakifunga kisu cha milingi kwenye chaki kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Hufanya kazi kwa dakika kumi, siku nyingine wiki nzima. Kisha mtikisiko huilegeza ile tepa fupi na chaki nzima huanguka juu ya kazi ikizunguka, pamoja na kisu. Nakuomba usifanye hivyo. Chaki ni ya kutoboa.

Kwa mashine yenye Morse 3 au R8 kuna njia mbili za kutumia koleti. Ya kwanza ni koleti zinazoingia moja kwa moja kwenye spindeli, kila moja kwa kipimo chake. Kisu kinakaa juu kabisa, karibu na beringi, kwa hiyo kinakuwa imara, na hupotezi nafasi kati ya spindeli na meza, nafasi ambayo kwenye mashine ndogo ni haba. Lakini koleti ya milimita 10 hushika shina la milimita 10 na si kingine, na kila ukibadilisha kisu unarudi kwenye boliti ya juu na nyundo.

Ya pili ni kishikio cha koleti za ER. Kishikio hukaa kwenye spindeli kwa boliti ya juu, na kinaweza kukaa humo mwezi mzima. Visu hubadilishwa kutoka chini kwa kufungua nati. Mfumo wa ER ulitoka Uswisi, katika kampuni ya Rego-Fix, mwaka 1972. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilichapisha ripoti yake kuhusu Kenya iliyoitambulisha dunia kwa kazi za watu wadogo wasiosajiliwa, wale ambao sisi tuliwaita jua kali. Huwa naifikiria sana sadfa hiyo: mwaka ambao ulimwengu ulianza kumwona fundi wa kando ya barabara ndio ulioleta kifaa ambacho leo fundi huyo anaweza kumudu. Hati miliki imekwisha zamani, kipimo ni cha kila mtu chini ya kiwango cha DIN 6499, na koleti ya kiwanda hiki huingia kwenye kishikio cha kiwanda kile.

Namba iliyo mbele ya ER ni upana wa mdomo wa kishikio kwa milimita, takriban. ER16 hushika mashina mpaka milimita 10, ER25 mpaka 16, ER32 mpaka 20. Koleti moja hujifinya kama milimita 1: ile iliyoandikwa 10 hushika kuanzia 10 kushuka hadi 9. Hilo lina faida kubwa kwetu, kwa sababu soko letu lina visu vya milimita na vya inchi vikiwa vimechanganyika. Shina la inchi 3/8 ni milimita 9.525, nalo huingia kwenye koleti ya 10. Lakini shina la milimita 10.1 haliingii humo. Hilo ni la koleti ya 11. Usilazimishe, kwa maana koleti iliyopanuliwa kwa nguvu haitarudi ilivyokuwa. Tena fahamu kwamba koleti hushika vizuri kabisa kwenye kipimo kilichoandikwa juu yake. Ukiifinya mpaka mwisho inashika ncha, nyuma inabaki wazi.

Wengi hukimbilia ER32 kwa kuwa ni kubwa. Mimi nashauri ER25 kwa mashine ndogo. Nati ya ER32 ina upana wa milimita 50, ya ER25 ni 42. Milimita hizo nane ndizo zitakazogonga taya za jiliwa pale unapojaribu kufika kwenye kona ya kazi. Na ukweli ni kwamba mashine ya mezani haina nguvu ya kusukuma kisu cha milimita 20 kwenye chuma.

Kisha usinunue seti nzima. Seti ya ER32 yenye vipande 18, kuanzia milimita 3 hadi 20, inapendeza ndani ya boksi lake la mbao, na vipande kumi na vitatu havitaguswa kamwe. Mashina ya visu vya milimita utakavyotumia mara nyingi huwa ya 6, 8, 10, 12 na 16. Koleti nne za mwanzo, 6, 8, 10 na 12, zilizonunuliwa moja moja kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ni bora kuliko kumi na nane za bei ya sanduku zima. Ongeza ya 16 siku utakapopata kisu chake.

Nieleze kwa nini ubora wa hizo nne una uzito. Chukua kisu cha haispidi cha milimita 10 chenye meno mawili. Kwa chuma laini, kasi ya mita 25 kwa dakika kwenye ukingo wa kisu hutoa mizunguko karibu 800. Kila jino hula milimita 0.05, kwa hiyo meza inasogea milimita 80 kwa dakika. Sasa tuseme koleti imekaa upande kidogo na kisu kinayumba kwa milimita 0.05, unene wa unywele mwembamba. Jino lililo upande wa nje linakula 0.05 yake pamoja na 0.05 ya mwenzake. Jino la pili linapita hewani. Umefunga ng'ombe wawili kwenye nira na mmoja ndiye anayelima. Yule anayelima anachoka upesi, na jino lililochoka huanza kusugua badala ya kukata, chuma kinapata moto, kisu kinaungua rangi. Mtu husema kisu kilikuwa kibovu. Na mfereji uliotakiwa kuwa milimita 8 unatoka 8.05, kii inacheza ndani yake, na poshomili inayopigwa na mahindi mchana kutwa itaipanua nafasi hiyo mpaka shafti iliwe.

Kwa hiyo pima. Geji ya mshale yenye stendi ya sumaku ndiyo ununuzi wa kwanza baada ya koleti. Gusisha ncha yake ndani ya tundu la spindeli tupu, uzungushe kwa mkono, utazame mshale. Kisha weka kishikio, ugusishe ndani ya mdomo wake. Kisha funga koleti na shina lililonyooka la kisu cha kabaidi, upime karibu na nati, halafu sentimita tano chini yake. Kwa kupima hatua kwa hatua hivi utajua ni nani anayeyumba. Mara nyingi nimekuta si koleti bali punje ya chuma iliyonaswa kwenye tepa. Ukikuta kuyumba, na spindeli yako ikiruhusu, zungusha kishikio nusu mduara ndani yake upime tena. Makosa mawili yanaweza kufutana.

Na ufungaji wenyewe una siri moja ambayo karatasi za maelekezo mara nyingi hazina. Koleti ya ER huingizwa kwanza ndani ya nati, si ndani ya kishikio. Ndani ya nati kuna pete iliyochongwa upande. Inamisha koleti, isukume mpaka isikike imenasa kwenye pete, ndipo uiingize yote pamoja. Ukiiweka koleti ndani ya kishikio kisha ukafunika kwa nati, itakaa upande, na siku ya kufungua itabaki imekwama ndani kwa kuwa pete ndiyo inayoivuta itoke. Shina la kisu lijaze angalau theluthi mbili ya urefu wa koleti.

Kisha kaza. ER32 inakubali mpaka karibu nyutoni-mita 136. Kwa lugha ya shambani, hiyo ni kama kuning'iniza nusu gunia la mahindi kwenye ncha ya spana ya sentimita 30. Kazi ndogo haihitaji yote hayo, lakini sasa unaona spana yangu fupi ilivyokuwa mbali. Mkunjo wa meno ya kisu ni wa mkono wa kulia, kama parafujo. Unapokata, chuma kinakivuta kisu kushuka chini. Kinachokizuia ni msuguano wa koleti peke yake, nao mafuta huuondoa. Pangusa shina na koleti kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kwa kitambaa kikavu. Nje ya koleti na kwenye nyuzi za nati, tone la mafuta linasaidia. Ndani, hapana.

Kwa kisu kikubwa cha kazi nzito kuna kishikio cha skrubu, ambacho hubana kwenye sehemu bapa iliyochongwa kwenye shina. Humo kisu hakiwezi kuvutwa. Hasara yake ni kwamba skrubu husukuma kisu upande mmoja, kama kamba iliyofungwa mahali pamoja. Ukibahatika kukuta visu vya zamani vyenye nyuzi mwishoni mwa shina, nyuzi 20 kwa inchi, hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya vishikio vya Clarkson vya Uingereza. Kishikio chenyewe kikipatikana, kinunue: kisu kikivutwa, nyuzi huibana koleti zaidi.

Koleti sijaziona katika duka la hadwea Muthara wala Mikinduri. Huagizwa Nairobi, kwenye maduka ya mashine ya Industrial Area, au nje ya nchi. Zikifika, adui wake ni hewa yetu. Ukungu wa Nyambene wa mwezi wa Novemba hutia kutu chuma kitupu usiku mmoja, na wakati wa kiangazi udongo wetu mwekundu hupeperuka na kukaa mle mle kwenye tepa. Mimi huzifuta kwa mafuta mepesi kila jioni na kuzifungia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Asubuhi huyafuta yale mafuta kabla ya kazi.

Shafti ya yule mteja niliilipia. Nilinunua chuma kingine, nikaikereza upya, na siku ya tatu Mwalimu akaja akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilisafisha koleti ya 6, nikaifunga kwa spana ndefu, mshale wa geji ukasogea chini ya milimita 0.02. Nikachonga kati kwa kisu cha milimita 6, kisha nikapanua kila ukuta milimita 1, polepole. Nilipima kina mwanzoni, katikati na mwishoni: milimita 4 mara tatu. Mwalimu aliomba kii. Akaiweka kwenye mfereji, akaisukuma kwa kidole gumba, nayo ikaingia nusu ikasimama.

"Hiyo iliyobaki ni ya nyundo ya shaba," akasema, akaomba chai.